Ndege ya Kupitia Cairo

Shangazi yangu wa Homa Bay ana ofisi ya chumba kimoja karibu na steji, upande unaotazama mlima Asego. Mlangoni ameandika kwa rangi ya bluu kwamba anapiga chapa, anapokea simu na faksi, na anakata tiketi za ndege. Watu wakifika hapo kwenye tiketi hucheka. Homa Bay yetu hii, inayonuka omena tangu asubuhi, nani anapanda ndege? Lakini wapo. Wapo mapadre wanaoenda Roma, wapo watafiti wa ziwa wanaorudi kwao, na mara moja moja kuna kijana aliyepata nafasi ya kusoma ng'ambo, ambaye husindikizwa ofisini na ukoo mzima kana kwamba ndege itatua hapo nje kwenye vibanda vya mitumba.

Likizo ya Agosti mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, nilitolewa kwetu Migori nikapelekwa kwake. Mama alisema naenda kumsaidia kazi. Ukweli ni kwamba walitaka nizoee watu. Mimi nina aibu. Darasani nikiambiwa nisome, mwalimu hunisogelea ili asikie, na kanisani zamu yangu ya kusema fungu la kukariri ikifika, msichana aliye kando yangu hulisema, na siku hizi hakuna hata anayegeuka kutazama. Ninachoweza ni kuandika. Kwa hiyo nayaandika haya bwenini, wenzangu wakiwa uwanjani, kwa sababu nina shukrani ambayo sijaweza kuitoa kwa mdomo.

Waya, ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu Ujaluoni, alinipa kazi ya kufuta vumbi na kupokea simu akiwa hayupo. Vumbi nililifuta vizuri sana. Simu nilikuwa naiombea isilie. Ikilia niliinyanyua na kusema "halo" kwa sauti ambayo mtu wa upande wa pili alidhani ni ya laini mbovu, akakata, akapiga tena. Waya alikuwa anacheka mpaka anashika meza. Aliniambia nikiolewa, mahari itabidi ijadiliwe kwa faksi.

Kitabu cha ratiba za ndege ndicho nilichokipenda. Ni kinene kama Biblia ya mimbarani, na kurasa zake ni nyembamba vilevile. Waya alinifundisha kukisoma: mji unakotoka, mji unakoenda, siku ndege inaporuka, mahali unaposhuka kungoja nyingine. Alisema kukata tiketi si kumpandisha mtu ndege. Yeyote anaweza kumpandisha mtu ndege. Kazi ni pale katikati, pale anaposhuka na kungoja. Hapo ndipo mizigo inapopotea na miguu inapovimba, na mtu hulia peke yake kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa anasema hivyo na yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege.

Sasa nieleze habari za baba. Baba ni mchuna ngozi. Sio wa bucha. Ni wa kambi za uwindaji. Zamani, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji hapa Kenya, alifuatana na wawindaji wa kizungu akiwa kijana mdogo. Mnyama akishaanguka, yeye ndiye aliyejua kisu kipite wapi ili ngozi itoke bila kovu, akaipaka chumvi, akaikausha kivulini. Marufuku ilipokuja alirudi nyumbani akalima mahindi na mihogo. Halafu upande wa pili wa mpaka, Tanzania, wakafungua uwindaji wao, na baba akaanza kuvuka pale Isebania kila msimu wa kiangazi kwenda kambini. Mazao yetu ni ya chakula. Karo yangu inatoka kwenye kisu chake.

Na sisi ni Waadventista. Ijumaa jua likizama, baba huweka kisu chini. Hakuna kelele wala mahubiri, anakiosha tu, anakifuta, anakifunga kwenye kitambaa. Miaka yote walikuwa wachunaji wawili kambini, na Jumamosi ikifika mwenzake, Mkuria mmoja wa Kegonga asiyejali siku, alifanya kazi peke yake, halafu Jumapili baba akafanya peke yake ili mwenzake alale. Walielewana hivyo. Lakini mwaka jana yule Mkuria aliacha kisu akaenda Osiri kuchimba dhahabu. Msimamizi wa kambi akamtumia baba ujumbe kwamba sasa mchunaji ni yeye mmoja, na mgeni wa kwanza wa msimu atakuwa kipimo. Mnyama akilala na mchunaji amekaa anasali, atatafutwa mchunaji mwingine.

Mgeni huyo wa kwanza alikuwa mzee wa Denmark ambaye baba alimjua tangu enzi za zamani za Kenya. Mke wake alikuwa amefariki, goti lake moja lilikuwa limekwisha, na alitaka kuja mara moja zaidi kuwinda nyati. Kibali alichoomba ni cha siku saba, na siku ya kuingia kambini inahesabiwa. Siku hiyo ya kuingia ina desturi yake. Jioni mgeni hujaribu bunduki, halafu hupigwa nyamera au swala mmoja wa kulisha kambi nzima. Mchunaji hawezi kukosa. Siku ya mwisho, kinyume chake, ni ya kufunga mizigo na kuagana, na mchunaji aliyemaliza ngozi zake hana la kufanya.

Kwa hiyo mgeni akiingia Jumamosi, baba amekwisha. Akiingia Jumapili, Jumamosi inaangukia mwishoni, na baba amepona. Yote yalitegemea ndege.

Ungefikiri baba angemwambia mgeni aje Jumapili, yakaisha. Lakini kwetu mgeni haambiwi siku ya kuja. Mgeni ni kama mvua, unamshukuru amekuja. Ukimwambia njoo kesho, usije leo, umemfukuza. Mwanzoni mwa mwaka mzee alikuwa ameuliza kwa barua ni siku gani ingewafaa, na baba aliniketisha mezani akanisomea maneno ya kuandika: njoo siku yoyote, siku zote ni zako. Niliyaandika kwa mwandiko wangu mzuri. Baba alifurahi jinsi yalivyosikika. Mzee naye, kwa kuwa ni Mzungu, akaelewa kwamba siku zote ni sawa.

Baba ndiye aliyempa pia jina la ofisi ya Waya. Hivyo faksi kutoka Denmark ikaingia Homa Bay ikiuliza: nipite wapi?

Waya aliichukulia faksi ile kama mtihani wa taifa. Tulikaa na kitabu siku nzima. Ya kupitia London tuliifuta kwa sababu mzee alikuwa na bunduki mbili, na alivyoambiwa Waya na watu wa mashirika ya ndege Nairobi, bunduki kupita pale ilihitaji kibali cha polisi wa kule, hata kama haitoki sandukuni, na kibali kingechukua majuma. Ya kupitia Addis Ababa ilikuwa imejaa. Zikabaki mbili. Ya kwanza ilipitia Amsterdam: anashuka, anatembea kidogo, anapanda nyingine, anafika Nairobi Ijumaa usiku, anapumzika hotelini, na Jumamosi gari la kambi, lisilongoja mgeni zaidi ya usiku mmoja, linampitisha Migori wamchukue baba wavuke mpaka. Ya pili ilipitia Cairo. Hiyo ilimshusha hapo mchana, ikamwacha akingoja mpaka katikati ya usiku wa Jumamosi, ndipo apate ya Nairobi na kufika Jumapili alfajiri.

Waya hakuwa na shaka. Mzee ana goti bovu, nani atamwacha akae Cairo mchana kutwa na nusu ya usiku kwenye benchi? Hata sanduku la bunduki, alisema, pale Cairo litachukuliwa na polisi wa uwanja mpaka saa ya kuondoka, na mzee wa watu atakuwa anaangalia mlango kila dakika. Amsterdam. Niliandika neno hilo kwenye karatasi ya majibu, mkono ukiwa mzito.

Waya hakuwa amefikiria Jumamosi. Yeye aliolewa kwa Wakatoliki na siku hizi anasali Jumapili. Nilitaka kumwambia. Nilikaa nayo mpaka wakati wa chai, nikasema kwa sauti ya chini kwamba baba Jumamosi hafanyi kazi. Aliweka kikombe chini. Alinitazama kama mtu aliyesahau mtoto sokoni. Hakuituma ile faksi. Badala yake alimpigia simu jirani yetu wa Migori mwenye duka, akaacha ujumbe kwamba baba aje.

Baba alikuja kesho yake na basi la asubuhi, amevaa koti lake la kanisani. Alisikiliza maelezo yote, ya Amsterdam na ya Cairo, akiwa ameshika kofia. Kisha akauliza swali moja tu: kule Cairo pana mahali pa kulala? Waya alimwambia ukweli. Hoteli ipo, lakini ili atoke uwanjani anahitaji viza, na bunduki zake ziko kwa polisi, kwa hiyo wengi hukaa tu kwenye benchi.

"Basi mpe hii nyingine," baba alisema.

Waya alimwambia kwa Kijaluo asiwe mjinga. Alimwambia kwamba wala hahitaji kuomba, yeye Waya ndiye atakayeomba, tena kwa maneno ya kibiashara tu, bila kutaja Sabato wala nini.

"Huyo ni mzee," baba akasema. "Nilimwambia siku zote ni zake. Sasa nimgeuzie kwamba siku zote isipokuwa moja? Alale kwenye benchi kwa sababu yangu mimi?"

"Na kazi yako?"

"Kazi ni ya Mungu."

"Mungu wenu ana karo ya huyu?" Waya alinionyesha kwa kidole, nami nikatamani kuingia ndani ya kabati la faili.

Baba alicheka kidogo. Hakukasirika. Alisema kama ni kuikosa kazi ataikosa, amewahi kulima na atalima tena, lakini kazi ya Jumamosi hataifanya, na mgeni hatamsumbua. Alisema yote mawili kwa sauti ileile, kana kwamba yanaweza kukaa pamoja. Akanipa ndizi alizotumwa na mama, akamkataza Waya kumwomba mzee chochote, akarudi steji kutafuta gari la Migori.

Nilimkasirikia sana. Naandika hivi kwa sababu ni kweli. Niliona anampenda mgeni kuliko sisi. Usiku ule nilijiona niko nyumbani muhula mzima, napalilia mihogo, huku wenzangu wakisoma, na yote kwa sababu ya adabu. Lakini nilipojaribu kumfikiria baba akiwa mtu wa namna nyingine, mtu wa kusema njoo siku hii usije ile, sikuweza kumuona. Hakuwa baba tena.

Waya alichelewesha kutuma jibu. Siku ya kwanza alisema mashine ina joto. Siku ya pili akasema karatasi imeisha, na ilikuwepo. Siku ya tatu alikwenda posta kuchukua barua zake, na simu ikalia nikiwa peke yangu.

Niliinyanyua. Kulikuwa na mvumo kama wa maji, halafu sauti ya mzee ikauliza kwa Kiswahili, "Wewe nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa Kiingereza, nimekariri sentensi mbili. Kiswahili kilinikuta bila silaha. Ni kile Kiswahili cha wazungu wa zamani, walichojifunza kwa wapishi na wapagazi, kisicho na mwanzo wala mwisho wa neno, lakini kinaeleweka. Nilisema mimi ni mtoto wa mchunaji. Alicheka kwa furaha. Alisema alinijua nikiwa tumboni, maana baba alimtumia habari. Akauliza faksi yake imekwenda wapi. Nikamwambia kuna ndege mbili, nikamsomea zote kutoka kwenye karatasi, nikashangaa kwamba nilikuwa nasoma na yeye anasikia. Labda ni kwa sababu sikuona uso wake.

Aliuliza ipi ni nzuri. Nikasema ya Amsterdam ni nzuri kwa goti. Nilisikia mahali fulani nyumbani kwake saa ya ukutani inagonga.

"Na kwa baba yako?" akauliza.

Baba alikuwa amemkataza Waya kuomba. Mimi hakunikataza kitu, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ningefungua mdomo.

"Baba yako nasema siku yote mzuri," mzee akasema taratibu. "Mimi najua yeye miaka mingi. Kama siku moja iko mbaya, yeye taambia mimi?"

"Hapana," nikasema.

"Basi siku gani hiyo, yeye hapana taambia mimi?"

Mpaka leo nalifikiria swali lile. Hakuniuliza baba anataka nini. Angeniuliza hivyo ningesema hataki kitu, maana ndivyo ilivyokuwa. Aliuliza kwa njia ambayo nilihitaji kusema neno moja tu, na neno hilo halikuwa ombi.

"Jumamosi," nikasema.

"Ah," akasema. "Kanisa. Ndiyo. Mimi nasahau. Zamani yeye kijana, Jumamosi yeye napotea, mimi nafikiri yeye nalewa." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia nimwandikie shangazi: Cairo. Nilijaribu kumweleza juu ya benchi, juu ya polisi na sanduku, juu ya saa zote zile na goti lake. Alisema nyati nao hukaa saa nyingi mahali pamoja na hawaulizi kitu. Akasema baba akiuliza, niseme mzee alitaka kuona Cairo, na hapo laini ikakatika, au yeye ndiye aliyekata.

Waya aliporudi alinikuta nimesimama, simu bado mkononi. Nilimwambia yote palepale, neno kwa neno. Nilidhani atanigombeza. Alikaa chini, akavua viatu, akasema, "Kwa hiyo unaongea." Halafu akapiga simu Nairobi akakata tiketi ya Cairo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kuimba. Baba alipotumiwa habari, Waya alimwambia tu kwamba mzee alipiga simu, nikaipokea mimi, na mwenyewe kachagua. Na kweli, mwenyewe ndiye aliyechagua.

Nilirudi Migori mwishoni mwa likizo, na ile Jumapili nilikuwepo. Gari la kambi liliingia uani kwetu saa nane mchana. Mama alikuwa amepika kuku, kuon, ule ugali wetu, na mboga ya osuga, na majirani wawili watatu walikuwa wamepita kwa bahati, kama wanavyopita kwa bahati kila panapopikwa kuku. Dereva alishuka kwanza akafungua mlango wa nyuma. Mzee alitoa mguu mmoja, akatulia, akautoa wa pili. Mguu wa goti bovu ulikuwa umevimba mpaka kamba za kiatu zilikuwa zimefunguliwa zote na kiatu kikabaki kimeachama. Alikuwa mrefu, ngozi nyekundu, na alitabasamu kwa kila mtu pamoja na mbwa.

Baba alimsalimu kwa mikono miwili. Alimketisha kwenye kiti cha mto, kile anachokalia mchungaji akitutembelea. Waliulizana habari za nyumbani, baba akampa pole ya marehemu mke wake. Kisha baba akauliza habari za Cairo. Mzee akasema Cairo ni mzuri sana, taa nyingi, na polisi wake ni watu wema, walimpa chai wakamwekea bunduki vizuri. Baba akauliza kama aliuona mji. Mzee akasema aliuona kupitia dirishani.

Baba alikuwa anautazama ule mguu. Mimi nilikuwa mlangoni na jagi la maji ya kunawa mikono, nikaona macho yake yanatoka mguuni, yanakuja kwangu, yanarudi mguuni. Nilitamani sakafu inifunike.

Aliinuka akaingia ndani. Alirudi na beseni jeupe la enameli, lile tunalolitumia kanisani zamu yetu ikiwa ya kuleta vyombo, na taulo begani. Kwa Waadventista, kabla ya Meza ya Bwana watu hutawadhana miguu. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, unapiga magoti mbele ya mwenzako unamwosha, naye anakuosha. Lakini hiyo ni kanisani. Sijawahi kuona ikifanywa nyumbani, mbele ya majirani na kuku. Baba alinyoosha mkono nikampa jagi langu. Mama, bila kuambiwa, akaleta birika la maji ya moto akaongeza na chumvi. Baba akapiga magoti, akamvua mzee kile kiatu, na soksi, akauweka mguu ndani ya maji.

Mzee alianza kusema hapana, hapana, kisha akaacha. Alitazama pembeni kwenye migomba. Baba aliosha polepole, kwa ile mikono inayojua kutenganisha ngozi na nyama bila kuumiza kitu, kisha akaukausha mguu na kuuacha juu ya taulo, mapajani mwake, hata chakula kilipoletwa. Walikula hivyohivyo, wakicheka habari za watu waliokwisha kufa. Jua lilipoanza kuegemea baba alichukua begi lake, wakaondoka kuelekea Isebania, nami nikarudi ndani kuosha beseni.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu inayofuata, na mama hakuwa amenunua hata sabuni, maana hakutaka kununua kitu kabla ya kujua. Kila jioni tulimwomba Mungu, na kila jioni mama alikuwa na ombi moja na mimi nina mawili. La pili lilikuwa kwamba baba asiniulize.

Alirudi Jumapili jioni, amechoka, ananuka moshi na chumvi. Alioga kwanza, alikula kwanza. Ndipo akatusimulia. Nyamera wa kambi aliangushwa ileile Jumapili jioni walipoingia. Nyati walimpata Alhamisi, dume zee lenye pembe zilizochakaa, na mzee alilipiga akiwa ameketi chini kwa sababu ya goti. Baba alichuna mpaka Ijumaa alasiri, akamaliza kutia chumvi jua likiwa bado juu ya miti, akaosha kisu. Jumamosi msimamizi alikuja kumtafuta, ni kawaida yake, akakuta ngozi zote zimetandikwa kivulini na hana la kumlaumu. Kambi nzima ilikuwa inafunga mizigo. Gari la vyakula lilikuwa limekuja siku hiyohiyo, likarudi na mizigo ya mzee, safari moja badala ya mbili. Msimamizi akapendezwa na mpango huo. Alisema wageni wote wa msimu waliobaki ataomba waingie Jumapili. Hakujua mpango ulikotoka, baba alisema, na hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo baba ataondoka tena baada ya siku chache, na atakaa mpaka mwisho wa msimu.

Mama alifunika uso kwa kanga. Mimi nilibaki nimekaa.

"Mzee alikuja kukaa na mimi," baba akaendelea. "Jumamosi ile. Nilikuwa nasoma Biblia nyuma ya banda la ngozi. Akaleta kiti chake, akakaa mpaka jua likazama."

Mama alitoka kumpelekea bibi chakula chake. Tulibaki wawili. Baba aliniita nyara, binti yangu, akaniuliza nilimwambia nini mzee kwenye simu. Nilimweleza. Nilimwambia swali lilivyoulizwa na jibu nililotoa, na kwamba niliongeza habari za benchi na goti lakini mzee hakukubali. Sauti yangu ilitoka vizuri. Alikuwa anaichezesha kofia yake mikononi, kama siku ile ofisini.

"Mgeni haombwi," akasema hatimaye. "Hilo usilisahau."

"Ndiyo, baba."

"Lakini akiuliza, ajibiwe." Alifikiri tena kidogo. "Mimi sikujua kwamba anaweza kuuliza hivyo."

Kisha akaniambia nikalale, kwa sababu asubuhi tungepita dukani kununua sabuni na viatu kabla sijapanda gari la shule. Akaongeza kwamba kabla sijaondoka nimwandikie mzee maneno ya asante, yake na yangu, na safari hii nitafute maneno mwenyewe.